Mkumi, Mvumo na Topoli: Namna ya Kulihoji Jina la Mti

Anayetoka Morogoro kwenda Iringa hukatiza katikati ya hifadhi ya Mikumi, kisha huingia mji mdogo wenye jina hilohilo, pale barabara ya Ifakara inapochepuka kuelekea kusini. Hifadhi ilitangazwa mwaka 1964, ikaongezwa eneo mwaka 1975, na sasa ina kilomita za mraba 3,230. Mgeni akiuliza jina limetoka wapi hujibiwa kwa sentensi moja: mikumi ni miti, ile mirefu ya jamii ya mnazi na mtende inayoonekana kwenye mbuga. Jibu hilo ni sahihi. Tatizo ni kwamba linapokewa kwa imani tu, na jina lililopokewa kwa imani tu haliwezi kutufundisha kitu zaidi ya lenyewe. Nadai kwamba jina la mti ni ushahidi wa historia, sawa na kigae cha chungu kilichofukuliwa ardhini, ila ushahidi wake haukubaliki mpaka mambo matatu yaafikiane: sauti za neno, umbo la neno katika sarufi, na mti wenyewe pale ulipoota. Mkumi unapita mitihani yote mitatu, na ukishapita unatuambia kwamba jina la mji, la hifadhi na la jimbo la uchaguzi halikuletwa na Kiswahili cha pwani. Limetoka katika ndimi za bara za Usagara na Vidunda, ambazo zinasemwa katika kata za wilaya ya Kilosa kama Kisanga hadi leo, japo na watu wanaozidi kupungua.

Tuanze na mti wenyewe, kwa sababu wanaopenda asili za maneno huusahau. Wataalamu wa mimea huuita Borassus aethiopum. Hupanda mita ishirini na zaidi, shina la kijivu lililo laini, na ukishapevuka hutoa alama isiyofichika: juu kidogo ya katikati shina linavimba, likafanya tumbo, kisha linasinyaa tena kabla ya kufika kwenye kilele. Majani yake ni mapana ya upepeo, na kingo za mashina ya majani hayo zina meno meusi magumu yanayochana ngozi. Kuna miti dume na miti jike. Jike huzaa matunda makubwa ya rangi ya chungwa, kwa kawaida kila moja likiwa na kokwa tatu ndani. Tembo hulipenda tunda hilo, hulimeza, na kokwa hutoka nzima kwenye kinyesi, mbali na mti mama. Kokwa inapoota, haianzi kwa kutoa jani juu. Inateremsha kwanza chipukizi chini kabisa ya udongo, na jani la kwanza hutokea baadaye, kutoka kule chini. Ndiyo maana mti huu unavumilia nyasi zinazoungua kila kiangazi. Unapenda tambarare ambazo maji hayako mbali chini ya ardhi, kama uwanda wa Mkata ulio kaskazini mwa hifadhi. Shina lake halitafunwi hovyo na mchwa, utomvu wake hugemwa, majani yake husukwa. Watu walioishi kati ya Mkata na milima ya Usagara hawakuweza kukaa na mti wa namna hiyo bila kuupa jina, na hawakuweza kuuchanganya na mkoche, jamaa yake mdogo ambaye shina lake hugawanyika matawi na ambaye ameipa Mikocheni ya Dar es Salaam jina lake.

Mtego wa kwanza uko masikioni. Anayesikia Mikumi husikia kumi, na kutoka hapo si mbali kufika kwenye hadithi ya miti kumi, wazee kumi au vita vya watu kumi. Hadithi za namna hiyo hujitungia zenyewe popote ambapo jina la kale linasikika katika lugha mpya. Wilaya ya Kilosa imejaa mitego ya aina hii. Ina kata inayoitwa Ulaya, na hakuna anayedhani kwamba ni kipande cha bara la Wazungu. Ina Kisanga, ambayo Mswahili wa mjini ataifasiri mara moja kuwa ni balaa lililowahi kuwapata watu, ilhali mzizi -sanga, wenye maana ya mchanga, upo katika ndimi kadhaa za Kibantu za mashariki na ni ndugu wa mchanga wetu huuhuu. Kuhusu Mikumi, sarufi inatoa jibu la kwanza. Wingi wa kumi katika Kiswahili ni makumi, ngeli ya ma-, na mi- ni ya miti, mito, milima na mikono. Mtu anaweza kupinga kwamba lugha nyingine ya Kibantu ingeweza kuhesabu makumi yake kwa mi-. Naam, ingeweza. Lakini hapo ndipo shahidi wa tatu anapoingia: mti upo, umesimama palepale penye jina, na unaitwa hivyo. Maelezo yanayohitaji hadithi ambayo haikuachwa na mtu hayawezi kuyashinda maelezo yanayoonekana kwa macho.

Mtego wa pili ni wa wasomi, na ni mgumu zaidi. Kamusi za Kiswahili na orodha za mimea huuita mti huu mvumo, na pwani ndivyo unavyoitwa. Ndiyo asili ya Mivumoni, iliyoko Dar es Salaam na iliyoko mkoani Tanga. Mtu akiweka mvumo na mkumi ubavu kwa ubavu ataona m mwanzoni, u katikati, m tena, na irabu mwishoni. Atasema haraka kwamba ni neno moja, na kwamba watu wa bara wamelipotosha la pwani au watu wa pwani la bara. Hapa inabidi kuuliza swali ambalo isimu linganishi imelifanya kuwa sheria yake tangu karne ya 19: je, sauti hizo mbili zinapokezana kwa kawaida katika maneno mengine, au tumeamua zipokezane hapa tu kwa kuwa inatufaa? Kiswahili kina kanuni inayojulikana vizuri. Pale Kibantu mame, yaani lugha ya kale iliyozaa ndimi za Kibantu, kilipokuwa na k mbele ya ile u ya juu kabisa, Kiswahili kimepata f. Ndiyo maana tunasema mafuta, na Wakikuyu, ambao lugha yao haikupitia badiliko hilo, husema maguta. Ndiyo maana tuna kifua, chenye mzizi ulioanza na k. Na pale palipokuwa na k mbele ya ile u ya chini kidogo, k imebaki k, kama katika kumi yenyewe, ambayo Wakikuyu huitamka ikũmi. Kwa hiyo mkumi kama ungekuwa na ndugu katika Kiswahili cha pwani, ndugu huyo angeitwa ama mfumi ama mkumi. Asingeweza kuitwa mvumo. V ya Kiswahili katika mazingira hayo haitoki kwenye k, na irabu ya mwisho o haitoki kwenye i. Ni mizizi miwili, ya watu wawili walioutazama mti uleule.

Uzito wa hoja hiyo unaonekana vizuri zaidi tukiupeleka mbali na nyumbani, kwenye neno ambalo wanaisimu wamelihangaikia kwa zaidi ya miaka mia: topol', jina la Kirusi la mti ambao Waingereza huuita poplar. Ni mti wa nchi za baridi na za wastani, mwembamba, mrefu, unaopandwa sana kando ya barabara na mitaa ya miji. Tusidhani hautuhusu; bonde la mto Tana nchini Kenya lina topoli yake ya asili, Populus ilicifolia, ambayo ndiyo ya kusini kabisa katika jamii hiyo duniani. Kirusi hakiko peke yake katika jina hilo. Wapolandi husema topola, Waserbia vilevile topola, Wacheki topol, na Wahungaria, ambao lugha yao si ya jamii ya Kislavoni, walilichukua kwa Waslavoni likawa topolya. Kilatini kina pōpulus. Topol na popul: konsonanti ya kwanza tu ndiyo inayotofautiana. Maelezo yaliyopendekezwa ni kwamba Waslavoni walilikopa neno la Kilatini, kisha p mbili zilizokaribiana zikakimbiana, ya kwanza ikageuka t. Wapo wanaolipinga hilo na kulitafutia neno asili ya kale zaidi, kwa kulihusisha na pteléa ya Kigiriki, ambayo hata hivyo ni jina la mti mwingine, elm.

Sauti zinazofanana kukimbiana si jambo geni kwetu. Ukanda wetu una mfano mashuhuri kuliko wote katika Kibantu, ile kanuni ambayo Carl Meinhof aliipa mwanzoni mwa karne ya 20 jina la mwanafunzi wake Dahl, aliyeiona katika Kinyamwezi: konsonanti mbili zisizo na mghuno zikiwa katika silabi zinazofuatana, ya kwanza hupata mghuno. G ya maguta inatoka huko. Ilikuwa k, ikaikimbia t iliyo mbele yake. Lakini tofauti kati ya mambo haya mawili ndiyo kiini cha suala lote. Kanuni ya Dahl hufanya kazi katika mamia ya maneno, hivyo tunaweza kuitabiria na kuipima. P kugeuka t katika topol' ni jambo lililodaiwa kutokea katika neno moja. Maelezo ya neno moja yanaweza kuwa kweli, lakini hayawezi kujithibitisha yenyewe. Yanahitaji msaada kutoka nje. Na kwa topol' msaada upo, wa pande mbili. Kwanza, neno la Kilatini lenyewe halikutulia mdomoni: Waitalia wana pioppo na Waromania wana plop, maneno yanayotoka kwenye umbo ambalo l yake ilihama kutoka mwisho na kuja mbele. Neno lililowasumbua wenyewe linaweza pia kuwasumbua waliolikopa. Pili, Kirusi kina jina jingine, osina, kwa ndugu wa topoli anayeota mwitu katika misitu ya kaskazini, na jina hilo ni la kurithi, lina jamaa zake katika Kijerumani na Kiingereza. Mti wa msituni kwao una jina la mababu, na ule unaohusishwa zaidi na kusini na upandaji ndio wenye jina linalofanana na la Kilatini. Mgawanyo huo unaelekeza kwenye ukopaji, na mimi nauona kuwa na nguvu kuliko kule kufanana kwa sauti pekee. Angalia kilichotokea: sauti zimeleta shaka, mti na makazi yake ndivyo vilivyoiondoa.

Jambo hilohilo linatuonya pia dhidi ya kuamini sauti pale zinapolingana vizuri mno. Majina ya miti huhama kutoka mti mmoja kwenda mwingine. Wagiriki walikuwa na phēgós, kwao ukiwa ni aina ya mwaloni. Neno hilohilo kwa Kilatini, fāgus, ni mti tofauti kabisa, beech, na wataalamu wa Ulaya walibishana kizazi baada ya kizazi wakijaribu kutumia mipaka ya mti huo kuonyesha Waindo-Ulaya wa mwanzo waliishi wapi. Walishindwa kwa sababu neno lilibaki na mti ukabadilika. Kwetu upo mtihani wa namna hiyo karibu sana. Tumesema v ya mvumo haiwezi kutoka kwenye k; lakini inaweza kabisa kutoka kwenye g mbele ya u ya juu, kama kiboko anavyoitwa nguũ kwa Wakikuyu na mvuu kwa Wachewa. Sasa Wakikuyu wana mũgumo, mti wao mtakatifu, na sauti zake zinalingana na za mvumo herufi kwa herufi. Lakini mũgumo ni wa jamii ya mkuyu, una maziwa na matawi mapana, wala haufanani kwa lolote na mti wa upepeo wenye tumbo. Mtu akitaka kuyaunganisha maneno hayo mawili ana deni la kutuonyesha njia ambayo jina lilipita kutoka mti mmoja hadi mwingine. Vivyo hivyo kwa anayesema mvumo ni kwa sababu majani yake huvuma upepo ukipiga. Maelezo hayo ni mazuri, hata yanapendeza, na majani makavu ya mti huu kweli hupiga kelele. Lakini miti inayovuma ni mingi, na uzuri wa maelezo si ushahidi. Jina la Kilatini nalo halina usafi zaidi: Borassus limetoka kwenye neno la Kigiriki lililohusu sehemu ya tunda la mtende, likapewa mti wa Asia, kisha wa Afrika ukaitwa kwa jina hilohilo.

Atasimama mtu aseme: kiambishi m- na mi- basi kina faida gani, ikiwa kila mti ulioingia nchini unavishwa? Pingamizi hilo ni zito. Kiswahili hakibagui. Waajemi, Wahindi na Waarabu walileta embe, na mti wake ukawa mwembe. Wareno walipita na neno lao la peasi, pera, ambalo sisi tukalitumia kwa tunda lililotoka Marekani ya kitropiki, na mti ukawa mpera. Mwarobaini uliletwa kutoka Bara Hindi na ukapewa jina la hesabu ya Kiarabu, arobaini, kwa kuwa husemwa unatibu magonjwa arobaini. Teak ina majina mawili, na kila moja lina tarehe yake: msaji ni wa kale, kutoka sāj ya Kiarabu, neno la enzi za majahazi na milango ya kuchongwa, mtiki ni wa mashamba ya serikali na makampuni, kama yale ya Mtibwa na bonde la Kilombero, na ni neno la maofisa misitu waliosema Kiingereza. Wote hao wana m-. Kwa hiyo kiambishi peke yake kinathibitisha kitu kimoja tu, kwamba neno limeingia katika sarufi ya Kibantu. Hakituambii lilitoka wapi. Ila katika maneno mkopo ya miti ya matunda kuna dalili ya kutazama: tunda limetangulia, mti umefuata. Embe, pera, papai, nanasi ni maneno ya sokoni kwanza, kisha m- ikaongezwa ili kupata mti. Kwa mkuyu, mbuyu, mvule, mninga mambo ni kinyume. Neno la mti ndilo lenye uzito, kwa sababu watu waliujua mti kama mbao, kivuli, mpaka, mzinga au kaburi kabla ya kuufikiria kama bidhaa. Mkumi uko upande huu wa pili.

Umbo la jina la mahali linatoa ushahidi mwingine ambao hausomwi mara nyingi. Pwani, na popote Kiswahili kilipopita na misafara na baadaye na barabara, mahali panapoitwa kwa mti hupewa -ni: Mbuyuni, Mkuyuni, Mwembeni, Mkwajuni, Mikocheni, Mivumoni. Ruaha Mbuyuni, pale barabara hiyohiyo ya Iringa inapovuka mto, ni jina la namna hiyo, nusu la bara na nusu la Kiswahili. Mikumi haina -ni. Lugha za bara kama Kikaguru na Kihehe huonyesha mahali kwa viambishi vya mwanzoni, si kwa kuongeza silabi mwishoni, na mji wenye jina la miti mitupu, isiyo na mkia, unakaa vizuri katika sarufi za namna hiyo kuliko katika ya Mombasa au Bagamoyo. Nakiri kwamba hoja hii haisimami peke yake. Kiambishi -inĩ kinapatikana hata kwa Wakikuyu, na mchora ramani Mjerumani au Mwingereza angeweza kukata silabi asiyoisikia vizuri. Lakini wachora ramani hao hawakuikata Mbuyuni wala Mkuyuni, na kama walikuwa na tabia ya kukata, ingeonekana kwingine. Tukiongeza kwamba pwani, ambako -ni inatawala, mti wenyewe una jina jingine, mambo mawili yanakubaliana bila kulazimishwa: ambako mti ni mvumo, mahali ni Mivumoni, ambako mti ni mkumi, mahali ni Mikumi.

Kwa nini basi baadhi ya majina ya miti yaenee nusu ya bara la Afrika na mengine yabaki katika bonde moja? Mkuyu ni mkuyu kwetu, mũkũyũ kwa Wakikuyu na Wakamba, mkuyu tena kwa Wachewa wa Malawi, mukuyu kwa Washona wa Zimbabwe. Mbuyu ni mubuyu kwa Watonga wa Zambia, muuyu kwa Washona, muvhuyu kwa Wavenda wa Afrika Kusini. Hakuna msafara uliobeba maneno hayo kutoka Zanzibar hadi Limpopo. Tofauti zao ndogo za konsonanti zinaonyesha kwamba kila lugha ililea neno lake kutoka kwa mzazi mmoja. Hata hivyo urithi si kinga. Wagogo, ambao nchi yao imejaa mibuyu kuliko sehemu nyingi za Tanzania, huuita mpela. Neno la kale limeondoka kwao na jingine limeketi mahali pake, na kwa bahati mbaya ya msikilizaji, hilo jipya linakaribiana na mpera wa Kireno, ingawa moja ni mti mkubwa kuliko wote wa nyika na jingine ni mti wa uani. Anayetegemea kufanana tu angeyaunganisha jioni moja na kulala usingizi mzuri. Majina ya miti yanayoenea ni ya miti ambayo kila jamii ilikutana nayo kila ilipohamia. Mti wa tambarare zenye maji, unaoota kundi hapa na kundi kule, hauwezi kupata bahati hiyo. Watu wanaohama hupita maeneo makubwa bila kuuona, neno lao hulegea, na wanapoukuta tena huupa jina jipya. Kutofautiana kwa mvumo na mkumi kwa hiyo si kasoro ya Kiswahili wala ya Kividunda. Ndivyo inavyotarajiwa kwa mti wenye makazi ya namna hiyo, na wanaodai kwamba jina moja lazima liwe sahihi na jingine lahaja mbovu wamekosea tangu kwenye swali.

Yupo pia anayepinga mradi mzima. Majina ya kienyeji, husema, hayana usahihi: mti mmoja una majina kumi na jina moja lina miti mitano, bora Kilatini cha wanasayansi. Usahihi wa Kilatini ni wa kweli na hakuna mtaalamu wa misitu atakayeuacha. Lakini Kilatini kinataja mti tu. Hakisemi nani aliishi nao. Na wanasayansi wenyewe, walipotaka neno kwa misitu mikubwa ya kiangazi inayoanzia Tanzania hadi Angola, hawakulipata katika Kilatini. Walichukua miombo, jina la miti ileile katika ndimi za Kibantu za ukanda huo, na leo linaandikwa katika majarida ya dunia nzima. Kusini mwa hifadhi ya Mikumi kuna miombo, kaskazini kuna uwanda wenye mikumi. Maneno mawili ya Kibantu yanaigawa hifadhi kwa aina za mimea na udongo vizuri kuliko ramani nyingi zinavyofanya.

Kazi ya kukusanya maneno haya ilianza mapema kuliko tunavyokumbuka. Mmisionari J. T. Last, aliyekaa Mamboya katika nchi ya Wakaguru, alichapisha sarufi ya Kikaguru mwaka 1886. Padri Charles Sacleux, aliyekuwa pia mkusanyaji wa mimea, aliijaza kamusi yake kubwa ya Kiswahili kwa Kifaransa, iliyotoka kati ya 1939 na 1941, majina ya miti ya pwani na lahaja zake. P. J. Greenway wa kituo cha utafiti cha Amani, katika milima ya Usambara, alitoa kamusi yake ya majina ya mimea ya Kiswahili mwaka 1937. Kwa Kilosa yenyewe, kazi iliyo karibu zaidi na suala letu ni ya Karsten Legère, aliyefanya utafiti wa Kividunda kwa miaka mingi na kuchapisha mwaka 2009 makala kuhusu majina ya mimea katika lugha hiyo, miundo yake na asili zake. Legère huyo ndiye aliyeuliza hadharani, miaka miwili kabla, kama Kividunda kimo hatarini. Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulioanza mwaka 2001, ulitoa sarufi na msamiati wa lugha nyingi ambazo hazikuwa na hata ukurasa mmoja.

Pamoja na hayo, kamusi zinazotumika shuleni zinaendelea kutoa mvumo na kunyamaza, kana kwamba lugha ya taifa inamalizikia Bagamoyo. Mwanafunzi wa Kisanga anayetafuta mkumi hataukuta, ingawa hifadhi, stendi ya mabasi na jimbo la mbunge wake vinaitwa kwa mti huo. Sioni sababu ya kisayansi ya hali hiyo. Kamusi ya Kiswahili imepokea mtiki wa maofisa misitu na mkaratusi wa Australia bila kuuliza pasi. Haiwezi kuukataa mkumi kwa hoja kwamba ni neno la wilaya moja. Kuingiza neno hilo, likiwa na alama kwamba ni la Kilosa na likielekeza kwa mvumo, hakutaondoa kitu kwa mtu wa Tanga. Na wanaoweza kulithibitisha vizuri zaidi ni wazee wa Kisagara na Kividunda ambao bado wanalisema katika umoja na wingi, wanajua jina la tunda, la kokwa, la chipukizi linalochimbwa ardhini na la mti dume kwa jike. Maneno hayo manne au matano ndiyo yatakayoonyesha kama mzizi -kumi umezaa familia yake mwenyewe katika lugha hizo, jambo ambalo neno lililokopwa hufanya kwa nadra sana. Kila mwaka unaopita bila mtu kwenda kuyaandika unapunguza idadi ya wanaoyajua, na hapo ndipo shahidi wa sauti atakapobaki peke yake, kama alivyobaki kwa wale wanaoiunganisha topol' na pteléa.